Hati ya Kusafiria si Cheti cha Ualimu

Katika miaka ya karibuni vijana wetu waliohitimu mafunzo ya ualimu, na ambao bado wanangoja ajira, wamekuwa wakiwauliza wakubwa wao wa kazi swali moja. Kwa nini kijana wa Kimarekani mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliyesomea historia ya sanaa au biashara, aweza kupanda ndege kwenda Korea ya Kusini kufundisha Kiingereza, akapewa mshahara wa kumtosha na chumba cha kuishi, ilhali Mtanzania mwenye shahada ya elimu, aliyefunzwa namna ya kuandaa somo na kulipima, haruhusiwi hata kujaza fomu ya maombi? Kijana mmoja wa namna hiyo alinijia nyumbani akiwa na tangazo alilolichapisha kutoka mtandaoni. Mstari wa masharti alikuwa ameupigia kalamu nyekundu mara mbili.

Swali lake halitokani na wivu, wala si la kupuuzwa kwa kumwambia atulie nyumbani. Linataka jibu lisilo na hasira na lisilo na kasumba ya kujidharau. Na kwa kuwa jibu lenyewe lina mafunzo kwetu sisi tunaoanza kupeleka walimu wa Kiswahili nje, yafaa tulitazame kwa utulivu.

Tuanze na kuieleza kazi yenyewe ilivyo, maana wengi huizungumzia kwa kusikia tu. Mfano ulio mkubwa kupita yote ni wa Japani. Mwaka 1987 serikali ya nchi hiyo ilianzisha mpango wa kualika vijana wa kigeni kuja kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule zake, mpango unaojulikana kwa kifupi kama JET. Mwaka ule wa kwanza walifika vijana 848 kutoka nchi nne, yaani Marekani, Uingereza, Australia na New Zealand. Kufikia mwaka 2002 walikuwa zaidi ya 6,000 kwa wakati mmoja, na tangu mpango uanze wamepita vijana zaidi ya 70,000. Sharti kuu la elimu ni shahada ya kwanza, nayo yaweza kuwa ya fani yoyote. Cheti cha ualimu si lazima. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja, na mtu haruhusiwi kupita miaka mitano. Kwa walioanza kazi baada ya 2012, mshahara wa mwaka wa kwanza ulipangwa kwa miaka mingi kuwa yeni milioni 3.36, kiasi kinachomwezesha kijana asiye na familia kuishi vizuri, kulipa deni la masomo aliloliacha kwao, na wakati wa likizo kutembelea Thailand au Vietnam.

Kijana huyo hupangiwa mji ambao aghalabu hajapata kuusikia. Mwajiri wake ni serikali ya mahali, na mahali penyewe huenda pakawa bonde la mashamba ya mpunga lenye shule tatu nne atakazozizungukia kwa zamu. Ofisa wa elimu humpokea, akamtafutia chumba, akamfungulia akaunti benki, akamfundisha kutenganisha takataka. Maana kule taka za kuchomwa na zisizochomwa hutolewa kwa siku mbalimbali, na mgeni anayekosea huukuta mfuko wake umeachwa palepale, majirani wote wakiuona. Majira ya baridi yakifika hutambua kwamba nyumba nyingi za Kijapani hazina mitambo ya kupasha joto nyumba nzima, hivyo hukaa jioni karibu na jiko la mafuta ya taa akisahihisha kazi za watoto. Upweke ni mkubwa. Lugha ya majirani haijui, na kila aendako watoto humtazama kama kitu cha maonyesho.

Shuleni huona mambo ambayo hakuyatarajia. Wanafunzi hupakuliana wenyewe chakula cha mchana ndani ya darasa, na mwalimu hula chakula kilekile pamoja nao. Kila siku huja wakati ambapo watoto wote hushika mafagio na vitambaa wakasafisha madarasa, njia za ndani na vyoo. Vijana wa Kimarekani huandika nyumbani kwa mshangao juu ya jambo hilo. Msomaji aliyepitia shule zetu baada ya tangazo la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967 hatashangaa kuona mwanafunzi na fagio. Labda atashangaa kwamba nchi tajiri kiasi kile haikuona sababu ya kuliacha.

Lakini je, anafundisha? Hapa ndipo wengi wanapodanganyika na matangazo. Kwa taratibu za mpango huo kijana ni msaidizi. Husimama darasani pamoja na mwalimu wa Kijapani, na mwenye darasa ni yule Mjapani. Mahali ambapo wawili hao wameelewana na wamekaa pamoja kuandaa somo, kazi huwa nzuri sana: mmoja anajua mtoto atakosea wapi, mwingine anajua neno linavyotamkwa. Mahali ambapo hawakuelewana, kijana huitwa mbele, akaambiwa asome ukurasa kwa sauti, wanafunzi wakaufuatisha, kisha akarudi kukaa. Wapo waliojilalamikia kuwa wamegeuzwa kinasa sauti chenye miguu. Tena kwa miaka mingi mitihani ya kuingilia sekondari ya juu na vyuo vikuu ilipima sarufi na kusoma zaidi kuliko mazungumzo, basi mwanafunzi hodari alijua kabisa kwamba saa ile ya mgeni haikuwa na alama. Mtoto mwenye mtihani mbele yake hana adabu ya bure kwa somo lisilotahiniwa, awe wa Osaka au wa Ifakara.

Mtu aweza kusema basi kwamba Japani ilipoteza fedha zake. Sisemi hivyo. Katika miaka ya 1980 Japani iliiuzia Marekani bidhaa nyingi kuliko ilizonunua kutoka kwake, na Wamarekani waliilaumu kwamba imejifunga isishirikiane na ulimwengu. Kualika maelfu ya vijana wasomi, kuwakalisha vijijini, kuwalisha wali na samaki, kisha kuwarudisha kwao wakiwa na marafiki na lugha ya Kijapani midomoni, kulikuwa jibu la werevu kwa lawama ile. Leo wapo miongoni mwao mabalozi, wafanyabiashara, wafasiri na maprofesa, na popote walipo huizungumzia Japani kama watu walioishi ndani ya nyumba, si kama watalii waliochungulia dirishani. Japani ilijua inanunua nini. Sarufi ilikuwa nyongeza.

Na mapenzi ya vijana hao kwa shule zao si ya kubeza. Tsunami ilipoipiga pwani ya kaskazini mashariki tarehe 11 Machi 2011, vijana wawili wa mpango huo, wote Wamarekani, walikufa pamoja na maelfu ya wenyeji wao. Wazazi wa mmoja wao walianzisha mfuko wa kuzipelekea vitabu shule za mji ule alikokuwa akifundisha binti yao.

Tuje sasa kwenye mstari ule uliopigiwa kalamu nyekundu. Tangazo la kijana wangu lilikuwa la Korea ya Kusini. Nchi hiyo ina mpango wa serikali wa walimu wa kigeni wa Kiingereza tangu mwaka 1995, na zaidi ya huo ina shule nyingi za binafsi za masomo ya jioni, ambako watoto hupelekwa baada ya shule ya kawaida. Viza ya kufundisha Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Hapa pia shahada yatakiwa, na hapa pia, kwa kazi nyingi, shahada yoyote yatosha. Sababu inayotolewa ni kwamba nchi hizo ndizo ambazo Kiingereza ni lugha ya kuzaliwa ya watu wake.

Sababu hiyo haisimami hata kwa mguu mmoja. Katika Afrika Kusini, kwa hesabu za watu za 2011 na 2022, wanaozungumza Kiingereza kama lugha ya nyumbani ni chini ya mtu mmoja katika kila kumi. Kijana wa Kizulu wa Durban hakuzaliwa na Kiingereza. Alikipata shuleni, kama alivyokipata kijana wa Kampala au wa Nairobi. Wakorea wanalijua hilo, ndiyo maana humtaka Mwafrika Kusini aonyeshe kwamba alisoma kwa Kiingereza tangu darasa la saba. Hapo wamekubali wenyewe kwamba ujuzi wa lugha waweza kuthibitishwa kwa vyeti vya shule. Kama waweza kuthibitishwa kwa mtu wa Durban, kwa nini usithibitishwe kwa mtu wa Entebbe? Na lipo jambo jingine. Makubaliano ya kiuchumi kati ya Korea na India, yaliyoanza kutumika mwaka 2010, yalifungua mlango mdogo kwa walimu wa Kihindi, lakini hao wakatakiwa wawe na sifa za ualimu. Yaani Mhindi lazima awe mwalimu. Mmarekani inatosha awe Mmarekani.

Basi tumwambie kijana wetu ukweli. Hakukataliwa kwa kuwa Kiingereza chake ni kibovu, maana hakuna aliyemsikiliza. Hakukataliwa kwa kuwa hajui kufundisha, maana hakuna aliyemwuliza. Kilichotazamwa ni jalada la hati ya kusafiria. Hiyo ni biashara, na muuza bidhaa hupanga bidhaa zake kwa sura anayodhani mnunuzi anaitaka. Mzazi wa Seoul alipaye ada ya jioni huamini anamnunulia mwanawe sauti ya Chicago. Huko Thailand imejulikana kwa muda mrefu kwamba Mfilipino na Mzungu waweza kufundisha vyumba viwili vinavyopakana, saa zilezile, kitabu kilekile, na mshahara wa Mfilipino ukawa mdogo. Kama huo si ukoloni mamboleo wa akilini, basi msamiati wetu tuliutupa mapema mno.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba wale waliofunguliwa mlango hukaa kwenye jamvi la hariri. Anayepokewa kwa sababu ya hati yake huweza pia kushukiwa kwa sababu ya hati hiyohiyo. Mwaka 2007 Korea ya Kusini iliwawekea walimu wa kigeni wa lugha sharti la kupimwa virusi vya UKIMWI na madawa ya kulevya, wakati walimu wa Kikorea waliofanya kazi ileile hawakupimwa. Mwalimu mmoja mwanamke wa New Zealand alikataa kupimwa mara ya pili, akapoteza kazi, akalipeleka shauri lake hadi kwa Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi wa Rangi. Mwaka 2015 kamati hiyo iliamua kwamba haki zake zilivunjwa, na mwaka 2017 sharti la kupima virusi hivyo likafutwa. Miaka kumi ilipita kati ya kuwekwa na kufutwa. Katika shule za binafsi malalamiko ni mengine: mkataba husema mwalimu akimaliza mwaka atalipwa kiinua mgongo cha mshahara wa mwezi, na mara kwa mara husikika habari za waajiri wanaomfukuza mtu mwezi wa kumi na moja.

Japani nayo ilishuhudia kubwa zaidi. Mwezi Oktoba 2007 kampuni ya Nova, iliyokuwa na shule nyingi za mazungumzo ya Kiingereza kupita nyingine zote nchini humo, ilifilisika. Walimu wa kigeni wapatao 4,000 walijikuta hawana mshahara, na wengine hawana hata pa kulala, kwa kuwa nyumba zao zilipangwa kupitia kampuni. Chama cha wafanyakazi kilianzisha utaratibu wa mwalimu kumfundisha mwanafunzi ili apewe chakula. Hao walikuwa raia wa nchi tajiri, wenye shahada, wakisomesha kwa sahani ya wali. Na mwaka 2021 serikali ya China ilipobana biashara ya masomo ya ziada, na kuzuia kuajiriwa kwa walimu walioko nchi za nje kufundisha watoto wa China kwa njia ya mtandao, maelfu ya watu waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo waliamka asubuhi wakiwa hawana kazi. Serikali ya China ilikuwa na sababu zake kuhusu mizigo ya masomo na gharama kwa wazazi, na ni haki yake. Ninalosema ni kwamba kazi inayosimama juu ya hati ya kusafiria huanguka pia kwa amri moja.

Wala kazi hii haikuanza juzi. Mwaka 1904 kijana wa Ireland aitwaye James Joyce, mwenye umri wa miaka ishirini na miwili, aliondoka Dublin akaenda kufundisha Kiingereza katika shule ya Berlitz huko Pola, na mwaka uliofuata huko Trieste, bandari iliyokuwa wakati huo chini ya milki ya Austria. Aliishi kwa kukopa na kuhama nyumba. Dunia yamkumbuka kwa riwaya zake, na kama wanafunzi wake walijifunza Kiingereza sawasawa si jambo ambalo wachambuzi wa fasihi wamelishughulikia sana.

Sisi tuliwahi kukaa upande wa pili wa darasa hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, nchi zetu zilipokuwa zikijitawala na walimu wa sekondari wenyeji wakiwa wachache mno, vijana wa Kimarekani na Kiingereza walikuja kwa mamia. Wengine walikuja kwa mpango wa Walimu kwa ajili ya Afrika Mashariki ulioanza mwaka 1961, ambao wengi wao walipitia kwanza mafunzo ya ualimu Makerere. Wengine kwa Peace Corps, iliyoundwa na Rais Kennedy mwaka huohuo. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa watoto waliowapokea.

Kidato cha pili tulifundishwa Kiingereza na kijana wa Kimarekani ambaye hakupata mafunzo marefu. Alikuwa mtu mwema. Alitembea kwa miguu hadi nyumbani kwa wazazi wetu, akala nao ugali, akajifunza Kiswahili hadi akaanza kututania nacho. Alituletea makasha mawili ya vitabu ambavyo vilichakaa mikononi mwetu. Lakini siku moja mwenzetu alimwuliza kwa nini Kiingereza kina maneno mawili tofauti, moja la kutaja urefu wa muda na jingine la kutaja siku jambo lilipoanza, na yatumikeje. Alifikiri, akayatamka yote mawili mara kadhaa, kisha akasema kwa unyofu kwamba hajui. Ndivyo tu inavyosikika vizuri. Juma lililofuata swali lilelile tulimpelekea mwalimu wetu Mtanganyika, aliyepitia chuo cha ualimu na ambaye matamshi yake ya Kiingereza tulikuwa tukiyacheka uani. Alichora mstari mmoja ubaoni, akatia alama mbili juu yake, akaeleza kwa dakika tano. Sikulisahau tena hadi leo. Nilijifunza pia siku ile, ingawa ilichukua miaka kulitambua, kwamba yule tuliyemcheka ndiye aliyekuwa amesafiri kuingia katika lugha hiyo kwa miguu yake mwenyewe, akajua kila shimo njiani. Mwenzake alizaliwa ng'ambo ya pili na hakupata kuvuka mto.

Sisemi hivyo kumdhalilisha yule mgeni. Tulimpenda sote wawili, na tulipoagana naye wapo waliolia. Nasema kwamba tulihitaji walimu na tukapewa vijana. Baadhi yao wakageuka walimu kwa juhudi zao, na baadhi wakarudi kwao wakiwa wamejifunza kwetu zaidi ya walivyotufundisha. Kufikia mwaka 1969 Peace Corps iliondoka nchini, ikaja kurudi baadaye kwa masharti mengine, na pengo lile likajazwa kidogo kidogo na vyuo vyetu wenyewe.

Haya yote yanatuhusu leo kwa sababu zamu yetu imefika. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikichukua Kiswahili kuwa chombo cha kuwaunganisha wananchi, na siku hiyohiyo ya Julai ndiyo UNESCO iliyoichagua mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Afrika Kusini ilitangaza mwaka 2018 kwamba Kiswahili kitaweza kufundishwa katika shule zake kama somo la hiari. Kwa miaka mingi vyuo vikuu vya Marekani vimepokea vijana kutoka Tanzania na Kenya kupitia mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha, ambao hukaa huko mwaka mmoja wa masomo wakifundisha Kiswahili. Maisha yao hayana tofauti kubwa na ya yule Mmarekani wa bonde la mpunga: chumba kidogo, baridi, upweke, maswali ya ajabu ya wenyeji, na mshangao wa kugundua kwamba lugha aliyoizungumza tangu utotoni bila kuifikiria imekuwa somo lenye majedwali.

Nao si wa kwanza. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki, ambako wanafunzi wake walikuwa watu waliojiandaa kuja kututawala, kufanya biashara na kuhubiri. Alikuwa msomi. Kitabu cha desturi za Waswahili kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kilitokana kwa sehemu kubwa na kalamu yake. Lakini darasani baadhi ya wanafunzi hawakumpa heshima ya mwalimu, na mwaka 1905, baada ya ugomvi juu ya jambo hilo, aliiacha kazi. Alikuwa ameoa mwanamke wa Kijerumani mwaka uliotangulia. Walipofunga safari kuja Afrika Mashariki, wakuu wa koloni walikataa mke huyo asishuke pwani, nao wakalazimika kurudi Ujerumani. Baadaye alifundisha tena huko Hamburg kabla ya vita vya kwanza, na akafa ugenini mwaka 1927. Alijua lugha yake na alijua kuieleza. Kilichomponza ni kwamba nyuma yake hapakuwa na serikali ya kwao ya kuuliza mwalimu wetu anatendewaje.

Leo serikali hiyo ipo, na hapo ndipo ninapotaka watumishi wenzangu waliomo wizarani na katika balozi zetu wanisikilize. Nasikia kauli nyepesi ikizagaa kwamba soko la Kiswahili limefunguka, basi kila kijana aliyezaliwa nacho achangamkie. Kauli hiyo ni ileile ya wenye shule za jioni za Seoul. Aliyezaliwa Kariakoo au Ng'ambo akiulizwa na mwanafunzi wa kigeni kwa nini twasema rafiki mkubwa ameondoka, kama tunavyosema mtu mkubwa, lakini tukifika kwenye umilikaji twasema rafiki yangu, hatusemi rafiki wangu, atafanya kama alivyofanya yule Mmarekani wetu: atayatamka yote mawili, kisha atasema ndivyo tunavyosema. Mwanafunzi ataandika hivyo katika daftari lake, na mwaka ujao chuo chake kitamtafuta mwalimu mahali pengine, pengine miongoni mwa wageni waliojifunza Kiswahili kwa kitabu. Wapo tayari, na baadhi yao ni hodari.

Kwa hiyo anayetumwa kwa jina la nchi na awe mwalimu kwanza. Na awe amewahi kufundisha, walau muhula mmoja, wanafunzi wasio na Kiswahili nyumbani. Hatuhitaji kwenda mbali kuwapata, wamo katika vyuo vyetu vya wageni na katika shule za mipakani. Mkataba wake usomwe na mtu wa ofisi ya ubalozi kabla hajautia sahihi, hasa vifungu vya nyumba, matibabu na nauli ya kurudi, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyowaliza watu wa Nova. Mwalimu aliye kazini anayepata nafasi ya mwaka mmoja nje apewe likizo bila malipo bila ya kuzungushwa mezani kwa mezani, na akirudi asirudishwe kituoni kama mtoro aliyekamatwa. Wajapani walijua kuwatumia vijana wa watu. Sisi tumekuwa tukiwapokea wetu kwa kuwauliza barua ya ruhusa iko wapi.

Na Kiingereza je? Mlango wa nchi saba usipigwe teke wala usipigiwe magoti. Serikali zetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki zinaweza kulizungumza jambo hili na Korea pamoja na wengineo katika meza ya makubaliano, kama India ilivyofanya. Walimu wa Kiingereza wa Uganda, Kenya na Tanzania wana vyeti vya kuweka juu ya meza hiyo. Mmoja mmoja, kila kijana akijaza fomu yake gizani, hatufiki.

Yule kijana wa kalamu nyekundu nilimweleza mengi ya haya, kwa ufupi zaidi kuliko nilivyoandika hapa. Nilimtajia ile nafasi ya kufundisha Kiswahili Marekani. Aliuliza kama Kiingereza chake kitatosha. Mimi nikamwuliza habari za rafiki yangu na rafiki mkubwa. Alinyamaza, akacheka kidogo, akasema atakwenda kulitazama. Baada ya siku tatu alirudi na maelezo ya kurasa mbili kwa mwandiko safi, pamoja na mifano ya ndugu, dada, jirani na ng'ombe. Kwenye ng'ombe alikuwa amekosea mahali pamoja, tukakaa barazani kulisahihisha.